Taekwondo: msiwanyime watoto mifuatano kwa sababu ya kutafuta mapigano

Jioni, katika viwanja vya shule, kwenye parokia na pembeni ya kambi za wakimbizi wa ndani, si ajabu huku Kivu kuona watoto wamejipanga kwa mistari, miguu mitupu, wakifuata sauti ya mwalimu wa taekwondo. Wanapiga hatua, wanakinga, wanapiga ngumi hewani, wanageuka, wanarudi walikotoka. Mbele yao hakuna adui. Mpita njia anasimama kidogo, kisha anauliza swali ambalo hata wazazi wanauliza: hawa wanacheza ngoma ao wanajifunza kupigana?

Vijana wengi wana jibu lao: ni ngoma tu, ni kupoteza wakati, mwalimu atuache tupambane. Wazazi wengi nao wana lao: ni kupigana, na sisi vita vimetutosha. Majibu hayo mawili yanapingana, lakini yote mawili yanakosea. Na kukosea huko kuna hasara, kwa sababu mwalimu anayewasikiliza vijana anaondoa sehemu hiyo ya zoezi, na mzazi anayeogopa anamtoa mtoto kwenye kilabu kabisa. Anayepoteza ni mtoto, hasa yule aliyefika mjini na godoro na bidoni tu.

Sehemu hiyo ya zoezi, mifuatano ya mapigo na kinga inayofanywa peke yako bila mpinzani, ndiyo yenye faida zaidi kwa mtoto aliyekimbia vita. Pambano linaweza kungoja. Mifuatano isiondolewe.

Mfuatano ni kitu gani

Taekwondo ilitoka Korea. Tae ni kupiga kwa mguu, kwon ni ngumi, do ni njia. Jina hilo lilipitishwa mwaka 1955, na aliyelipigania zaidi ni jenerali Choi Hong Hi wa jeshi la Korea ya Kusini. Leo mchezo huu una familia mbili kubwa. Moja ni ITF, shirikisho aliloanzisha Choi mwaka 1966, ambalo linaita mifuatano yake tul na lina 24. Nyingine ni World Taekwondo, iliyoanzishwa mwaka 1973, ambayo ndiyo inasimamia mchezo kwenye Olimpiki. Hao wanaita mifuatano yao pumse. Wanaoanza kwao wanajifunza nane zinazoitwa Taegeuk, na kila moja imefungwa kwenye alama ya kale: mbingu, ziwa, moto, radi, upepo, maji, mlima na ardhi.

Tuchukue mfano wa ule wa kwanza wa ITF, Chon-Ji, ambao mtoto wa mkanda mweupe anaweza kujifunza kwa majuma machache. Jina maana yake ni mbingu na ardhi. Una mienendo 19. Mtoto anageukia kushoto, anakinga chini kwa mkono, anapiga hatua na ngumi. Anageuka nyuma, anafanya tena kwa upande mwingine. Akimaliza pande zote nne, anaanza sehemu ya pili, ambapo kinga inapanda mpaka usawa wa kifua. Sehemu moja ni mbingu, nyingine ni ardhi. Ni hayo tu, lakini ndani yake kuna sheria ambazo haziachwi.

Sheria ya kwanza: mfuatano unaanza na kumalizikia mahali pamoja. Mwalimu anaweza kuweka jiwe dogo kwenye vidole vya mtoto. Akimaliza na jiwe liko hatua moja mbali, basi moja ya hatua zake ilikuwa ndefu ao fupi. Hakuna haja ya mwamuzi wala ya kugombana. Udongo wenyewe unasema.

Sheria ya pili: mtoto ajue kazi ya kila mwendo. Mkono huu unakinga teke ao ngumi? Ngumi hii inaelekea tumbo ao uso? Asiyejua, huyo kweli anacheza ngoma. Sheria ya tatu: mkono wa kushoto ufanye kazi kama wa kuume. Na tukiangalia vizuri, mifuatano ya mwanzo katika familia zote mbili inaanza na kinga. Mtoto anajilinda kwanza, kisha anajibu, kisha anasimama. Hakuna mwendo wa kumfuata mtu aliyeanguka na kuendelea kumpiga.

Mzazi anayeogopa kwamba kilabu itamfanya mwanawe kuwa mgomvi aangalie hapo. Katika pambano, mtoto mwenye hasira anaweza kushinda kwa hasira yake. Katika mfuatano hasira haimsaidii kitu. Akiharakisha anapotea njia, akikaza mwili wote anachoka kabla ya kufika kati, akimwangalia jirani anageukia upande mbaya. Kitu pekee kinachomsaidia ni kutulia, kukumbuka na kusimamisha ngumi mahali inapotakiwa kusimama. Kuisimamisha ngumi ni kazi ngumu kuliko kuirusha.

Majina yaliyobebwa na mifuatano

Jambo lingine ambalo kilabu nyingi zinapita haraka ni majina. Korea ilitawaliwa na Japani tangu mwaka 1910 hadi 1945. Kutoka mwaka 1940 Wakorea walilazimishwa kuchukua majina ya Kijapani. Mtu akijua hilo anaelewa sababu mifuatano ya ITF inabeba majina ya watu wao na mambo yao. Yaliyotakiwa kufutika yaliingizwa katika mwili wa mtoto, ayarudie kila siku ya zoezi.

Kabla ya mkanda mweusi, mwanafunzi wa ITF anapita kwenye mifuatano tisa. Watu wangefikiri yote ni majina ya wapiganaji. Si hivyo. Do-San ni jina la Ahn Chang-Ho, aliyeishi tangu 1878 hadi 1938 na kutumia maisha yake katika elimu na kutafuta uhuru. Won-Hyo alikuwa mtawa. Yul-Gok na Toi-Gye walikuwa wasomi wakubwa wa karne ya 16. Wanne kati ya tisa ni watu wa kufundisha na kufikiri. Admirali Yi Sun-Sin, aliyeilinda nchi kwa meli zake, naye yupo, katika mfuatano unaoitwa Choong-Moo. Ule unamalizika kwa pigo la mkono wa kushoto, na wanaufundisha hivyo kukumbusha kwamba alikufa vitani bila kupata nafasi ya kuonyesha uwezo wake wote.

Yul-Gok ina mienendo 38. Maelezo ya ITF yanasema hesabu hiyo ni ya mstari wa 38 wa ramani, mahali alipozaliwa msomi huyo. Mwaka 1945, Wamarekani na Wasovieti waliutumia mstari huo huo kuigawa Korea vipande viwili. Miaka mitano nyuma yake vita vikaanza, vikadumu tangu 1950 hadi 1953, na mamilioni ya watu wakahama makwao. Kuna wazazi na watoto, kaka na dada, waliobaki kila mmoja upande wake, na wengine walikufa bila kuonana tena. Familia zilizotawanyika kwa vita huku kwetu hazihitaji kufafanuliwa maneno hayo.

Mfuatano wa mwisho katika ile 24 unaitwa Tong-Il, yaani kuunganishwa. Una mienendo 56, na maana yake ni tumaini la Korea kuwa moja tena. Choi mwenyewe alizaliwa mwaka 1918 katika eneo ambalo leo ni Korea ya Kaskazini. Mwaka 1972 aliondoka Korea ya Kusini baada ya kutoelewana na utawala wa huko, akaishi Canada, na akafariki mwaka 2002 mjini Pyongyang. Nchi ilikuwa bado imegawanyika, na hata leo iko hivyo. Mtu huyo alikuwa na makosa na maadui, na Wakorea hawamwoni wote kwa jicho moja. Lakini aliyepanga mifuatano hii alijua maana ya kuishi mbali na kwao.

Jina moja gumu

Kuna mfuatano mmoja ambao mwalimu wa huku hafai kuufundisha bila kuueleza. Unaitwa Joong-Gun, na una mienendo 32. Ahn Joong-Gun ndiye aliyempiga risasi Ito Hirobumi, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Japani juu ya Korea, kwenye stesheni ya Harbin tarehe 26 mwezi wa 10 mwaka 1909. Alinyongwa mwezi wa 3 mwaka 1910. Ile 32 ni umri wake kwa hesabu ya kale ya Kikorea, ambayo inamhesabia mtoto mwaka mmoja siku anapozaliwa. Kwa Wakorea yeye ni shujaa. Wajapani wengi walimhesabu kuwa mwuaji.

Huku kwetu, kila anayeshika silaha anajiita mkombozi. Watoto wanasikia neno hilo kwenye redio, barabarani, na wakati mwingine kwa mtu anayekuja kuwatafuta wajiunge naye. Mwalimu akisema tu kwamba Joong-Gun alikuwa shujaa aliyeua kwa ajili ya nchi yake, kisha akaendelea na mazoezi, amewaachia watoto neno la hatari. Akiuruka mfuatano huo kwa woga, nao watajisomea wenyewe kwenye simu.

Njia nzuri ni kusema habari yote. Mtu huyo alikuwa mtu mzima, alikamatwa, alihukumiwa, alilipa kwa maisha yake, na mpaka leo nchi mbili zinamsimulia kwa namna mbili. Kisha mwalimu awaachie watoto waulize. Na aongeze jambo ambalo halina mjadala: sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumwingiza mtu asiyetimiza miaka 18 katika jeshi, katika polisi na katika kikundi chochote chenye silaha. Mkanda wa taekwondo, hata uwe mweusi, haumfanyi mtoto kuwa askari wa mtu. Mazungumzo hayo yanachukua dakika kumi, na yanaweza kumsaidia mtoto kuliko mateke mia moja.

Wanaopinga wana hoja

Wanaosema mifuatano haina faida hawasemi ovyo. Hoja yao ya kwanza ni kwamba hakuna mwizi atakayekushambulia kwa mpango wa Chon-Ji. Ni kweli. Lakini hata mtoto anayeandika a, e, i, o, u kwenye ubao hajaandika barua bado. Anazoeza mkono. Siku atakapohitaji barua, mkono utakuwa tayari. Na mwalimu mwenye akili anawapanga watoto wawili wawili, anatoa kipande kimoja cha mfuatano, anaonyesha namna kinga ile inavyofanya kazi mbele ya mtu halisi.

Hoja ya pili ni medali. Kwenye Olimpiki kuna pambano peke yake, pumse hazimo. Vijana wanajua kwamba Yahya Al Ghotany, Msiria aliyejifunza taekwondo ndani ya kambi ya Azraq huko Jordani, alishindana Paris mwaka 2024 katika timu ya wakimbizi na akabeba bendera yake. Karibu na sisi zaidi kuna Parfait Hakizimana wa Burundi. Alipigwa risasi mkononi akiwa mtoto mwaka 1996, katika shambulio ambalo mama yake aliuawa. Mwaka 2015 alikimbilia Rwanda, na katika kambi ya Mahama alianza kuwafundisha taekwondo watoto wa kambi. Alishindana kwenye michezo ya walemavu ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Hao ni watu wa kujivunia. Lakini kati ya watoto wanaofanya zoezi jioni hii, ni wangapi watafika huko? Kilabu ikijengwa kwa ajili ya yule mmoja, wale wengine wote watarudi nyumbani na nini? Na hata anayetafuta medali asidharau pumse: tangu mwaka 2006 zina mashindano yake ya dunia.

Hoja ya tatu inatoka kanisani. Wazazi wengine wanaogopa kwamba kuinama mbele ya mwalimu ni kuabudu, ao kwamba alama za Taegeuk zina roho ndani yake. Mzazi ana haki ya kuuliza, na mwalimu asikasirike. Amwambie ukweli: alama zile zinatoka katika mawazo ya kale ya Uchina, na Won-Hyo alikuwa mtawa wa Kibudha. Lakini hakuna sala inayosemwa katika zoezi, na kuinama ni salamu, kama mtoto wa huku anavyoinama kidogo akimpa mzee mkono. Anayefichwa jambo ndiye anayezidi kuogopa.

Kwa mtoto wa kambini

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Pambano la salama linahitaji kofia, ngao ya kifua, vilinda miguu na kilinda meno. Kwenye mashindano makubwa ngao zinatumia umeme kuhesabu pointi. Kilabu ya kambini haina hayo. Ikipambanisha watoto bila hayo, kwenye mawe meusi ya volkano, siku moja mtoto atavunjika jino ao mkono, na mama yake hana fedha ya kumpeleka kwa daktari. Mfuatano unahitaji hatua chache za udongo uliosafishwa. Watoto arobaini wanaweza kuufanya pamoja na mwalimu mmoja. Wasichana na wavulana wanasimama mstari mmoja bila kugusana. Mwenye mguu mbovu anafanya kwa namna yake.

Kuna na jambo la kelele. Katika pumse kuna mahali pa kutoa sauti ya nguvu, kihap. Watoto waliosikia risasi wanashtuka wakisikia kishindo cha ghafla. Mwalimu awaambie kabla mahali sauti itakapotoka, na kwa majuma ya kwanza aiache. Na ieleweke kwamba michezo haiponyi kila kitu. Mtoto asiyelala usiku ao aliyeacha kusema anahitaji watu waliosomea kazi hiyo, na mwalimu wa taekwondo awe wa kwanza kumjulisha mzazi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho mfuatano unampa mtoto aliyehama, na vitu vichache vinaweza kumpa. Familia iliyokimbia mara moja inaweza kukimbia tena: kutoka kijijini hadi kambini, kutoka kambini hadi kwa jamaa mjini, na siku nyingine kuvuka mpaka. Daftari linapotea. Sare ya shule inapotea. Marafiki wanatawanyika. Chon-Ji haipotei. Mtoto akifika Bukavu, Kampala ao Nakivale na kukuta kilabu ya familia yake ya taekwondo, atasimama kwenye mstari, ataanza kwa kinga ya kushoto, na wale asiojua hata lugha yao watajua kwamba huyu ni mwenzao. Hakuna kizuizi cha barabarani ambapo mtu atamwambia aiteremshe na kuilipia.

Mfuatano haumrudishi mtu kijijini kwake, na asitokee wa kuwadanganya watoto hivyo. Unamfundisha tu kwamba mtu anaweza kutoka, kugeukia pande zote nne, kukutana na kitu cha kukinga, na bado akajua hatua za kumrudisha alipoanzia.

Kinachotakiwa

Walimu wasiweke mifuatano mwishoni mwa saa, wakati watoto wamechoka na wengine wamekwenda kuchota maji. Waiweke mwanzo. Waseme jina la kila mfuatano na habari yake. Wasiutumie kuwa azabu, kwa sababu mtoto aliyeadhibiwa kwa Chon-Ji ataichukia. Na mtoto asiye na fedha ya mtihani wa mkanda aachwe ajifunze mfuatano unaofuata. Mkanda unanunuliwa, lakini elimu ya mfuatano haifungwi kwa sababu ya dola chache.

Mashirika yanayoleta mipira kambini yafanye vizuri kuendelea, lakini yawaangalie na hawa walimu wanaojitolea. Wanachohitaji si kikubwa: nauli, kipande cha kiwanja ambacho hakitageuzwa kuwa bohari kesho, na saa inayomalizika kabla ya giza ili wasichana warudi salama.

Na mzazi mwenye wasiwasi aende siku moja akae pembeni ya kiwanja mpaka mwisho. Jioni, wakati sufuria iko motoni, amwambie mwanawe: "Nionyeshe ule wa kwanza, na uniambie kila mwendo ni wa kazi gani." Mtoto akiweza kujibu, mama ao baba atajua anafundishwa nini. Asipoweza, basi kesho yake mzazi ana swali la haki la kumpelekea mwalimu.